Kiti cha Fidla ya Pili

Jumamosi ya tatu baada ya mazishi, wanachama watatu waliobaki wa klabu ya muziki waliketi kwenye viti vyao, wakaanza kulinganisha nyuzi kama kawaida, na zikasikika ala nne.

Daktari wa Meno, mama mnene mwenye vidole vidogo aliyepiga fidla ya kwanza, alijidai anatafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa. Bwana Posta, aliyestaafu kazi ya barua lakini jina likakataa kustaafu, alikohoa nyuma ya chelo yake, ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni. Na Mfamasia, ambaye binti yake ndiye aliyezikwa, aliinamia viola yake, ile fidla kubwa kidogo yenye sauti ya mtu mzima anayebembeleza mtoto, akaomba kimoyomoyo ile sauti ya nne isikike tena.

Klabu yenyewe ilikuwa na watu wanne tu na chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Mwenye duka aliwaachia chumba hicho kwa furaha, maana wateja waliojaribu godoro huku juu kunapigwa muziki wa polepole walisinzia, na mteja aliyesinzia hana ubishi. Walikutana kila Jumamosi saa kumi alasiri, wakapiga muziki wa watu waliokufa zamani sana, katika mji ambao hakuna aliyewaomba. Watu wa mtaani waliwaona kama watu waliokosa kazi. Huenda ni kweli. Lakini mtu anayeng'oa meno wiki nzima, naye ana haki ya kuwa na saa mbili ambazo hakuna anayepiga kelele.

Sasa, klabu ilikuwa na kanuni iliyobandikwa ukutani, na mimi hiyo ndiyo ninayoilaumu. Miaka ya nyuma Daktari wa Meno alirudi kutoka safari akamkuta fundi saa mmoja amekaa kwenye kiti chake, anapiga sehemu yake, tena kwa madaha. Ugomvi uliofuata nusura uivunje klabu. Fundi saa akaondoka amenuna, na waliobaki wakaandika: kiti cha mwanachama hakikaliwi na mwingine, wala sehemu yake haipigwi na mwingine, mpaka mwenyewe akiachie kwa kinywa chake. Waliiandika wakicheka. Binti alipokufa waliisoma upya, wakalia, wakaona ni kanuni nzuri kuliko zote duniani. Wakakubaliana kwamba fidla ya pili itabaki kitini pale alipozoea kuiweka, na kila kipande watakachopiga, sehemu yake wataiacha kimya. Walidhani wanamheshimu.

Binti huyo walimwita Nusu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu ajiunge na klabu aliingia nusu pigo baada ya wenzake, si kwa kutojua, bali kwa sababu alipenda kuwasikiliza kwanza. Bwana Posta alimtania kwamba hata siku ya harusi yake ataingia bwana harusi ameshachoka kusubiri. Jina likamganda, likaingia mpaka nyumbani, mama yake akawa Mama Nusu na Mfamasia akawa Baba Nusu, na wote wawili wakalizoea.

Alikufa kwa homa ya uti wa mgongo, ndani ya siku tatu. Na hapa kuna jambo ambalo Mfamasia hakumwambia mtu.

Jumamosi ile, yeye na binti yake walifika chumbani saa tisa, saa nzima kabla ya wenzao, ili wanyooshe kipande kirefu cha kurasa kumi na moja kilichokuwa kinawasumbua. Walipofika katikati, Nusu alishusha upinde wa fidla akasema kichwa kinamuuma na shingo haipindi. Mfamasia huyu, aliyekaa nyuma ya kaunta ya dawa miaka ishirini na sita, aliyewaambia akina mama mia kwamba mtoto mwenye homa na shingo ngumu hapelekwi dukani, hupelekwa hospitali, alitoa vidonge viwili mfukoni mwa koti, akampa na maji, akamwambia wamalize kwanza. Nusu alitii. Wenzao walipoingia aliwachekea, akapiga saa mbili nyingine. Usiku akaanza kutapika. Mama Nusu, mwalimu wa shule ya msingi, siku hiyo alikuwa mji mwingine akisahihisha mitihani. Aliporudi alfajiri na kukimbilia hospitali, aliuliza ilimwanza saa ngapi. Mumewe akamjibu kwamba ilimwanza usiku. Daktari wa zamu naye akaandika hivyo hivyo.

Tangu mazishi mama yule aliuliza swali hilo karibu kila siku, si kwa kumshuku, ila kama mtu anayepapasa donda. Naye alijibu lile lile, na kila alipojibu alijiona anamzika mtoto mara nyingine.

Basi mtu wa namna hiyo, akisikia fidla ya mwanawe inalia yenyewe kwenye kiti kitupu, unadhani atakimbia? Hakukimbia. Jumamosi ya nne alifika wa kwanza. Chumba kilikuwa na harufu ndogo ya nywele zinazoungua, kama mtu amesogea karibu mno na taa. Walipoanza kupiga, ile sehemu waliyoiacha kimya haikukaa kimya. Mwanzoni ilikuwa mkwaruzo tu, upinde unapogusa uzi bila kuamua. Kisha ikawa noti. Kisha noti zikashikana, zikija nusu pigo nyuma, na Bwana Posta, mtu aliyewavunja watu mbavu kwa mizaha, alipiga chelo huku machozi yanamdondoka kwenye mbao.

Upinde ulikuwa umelala juu ya kiti. Haukusogea hata kidogo.

Baadaye ngazini Daktari wa Meno alinong'ona kwamba jambo hili si zuri, kwamba vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi mpaka kiwiko na hata sasa havijarudi sawasawa. Mfamasia alimsihi asiseme kwa mtu. Alimwambia kwamba yule ni mtoto wake tu. Daktari alimtazama kwa huruma, na kwa sababu alimpenda Nusu naye, akanyamaza. Kunyamaza huko kuliwagharimu.

Kwa maana Mfamasia hakuweza kuifaidi peke yake furaha ile ya ajabu. Alikwenda akamwambia mkewe. Nami nasema hakuwa na nia mbaya, alimwona mwanamke anayefua nguo za marehemu kila wiki ilhali hakuna anayezivaa, akataka kumpa kitu. Jumamosi ya tano Mama Nusu alipanda ngazi, akakaa kando ya kiti, akasikiliza. Muziki ulipokwisha alikuwa anacheka. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na kitanda cha mtoto mchanga:

"Ni yeye. Baba Nusu, ni yeye kabisa."

Hakukosa tena hata siku moja. Akaanza kula, akaanza kupaka mafuta, majirani wakasema Mungu amemfariji. Hilo lilidumu wiki mbili. Wiki ya tatu akaacha tena kula, ila hakulia, alikuwa anakaa tu na kutikisa kichwa taratibu kama anayehesabu mapigo. Jumapili moja mchana Mfamasia aliingia chumbani akamkuta amelala usingizi. Mkono wake wa kulia ulikuwa unakwenda na kurudi juu ya shuka, na vidole vya kushoto vilikuwa vinabonyeza shingo yake mwenyewe, kimoja kimoja, haraka, kwa mpangilio. Aliinama kuangalia. Kwenye ncha za vidole vile palikuwa na michirizi myeusi iliyodidimia, ile alama inayoachwa na nyuzi baada ya miaka ya mazoezi, na mama huyu hajawahi kushika fidla maishani mwake. Aliisoma ile sehemu vidoleni mwa mkewe. Ilikuwa ukurasa wa sita wa kile kipande kirefu. Na vidole vilikuwa vinaingia nusu pigo nyuma ya kitu ambacho yeye hakukisikia.

Kufika wiki iliyofuata Mama Nusu hakuweza kusimama bila kushikwa. Hospitali walipima kila kinachopimika, wakakuta mwanamke mzima asiye na ugonjwa, anayeisha.

Bwana Posta ndiye aliyemleta Fundi Piano. Kazi yake ilikuwa kulinganisha piano za shule na za makanisa, na watu walijua pia, bila kulisema sana, kwamba aliitwa kwenye nyumba ambazo kilichoharibika humo hakikuwa piano. Alikuwa mzee mfupi mwenye mkoba wa spana na nyundo ndogo za kitambaa, mtu wa maneno mengi, na alipopanda ngazi alilalamikia magoti yake kila kipandio. Alipoingia chumbani alinyamaza. Alinusa. Alisoma kanuni ukutani, akairudia mara mbili kwa midomo, kisha akakaa chini sakafuni, mbali na kile kiti, akauliza ni nani mwenye akili timamu aliyeandika maneno yale.

"Mmemwekea nafasi mtu asiyeweza kuja," alisema polepole. "Mmeiita nafasi hiyo kila wiki kwa muziki, mkaiacha wazi. Hamkujua kuna wengine wanaopita?"

Mfamasia alimwambia kwamba anaipiga kama Nusu, haikosei hata kidogo. Mzee akajibu kwamba bila shaka haikosei, kwa kuwa anayepiga ni jini, na jini huyo alikuwamo humu chumbani miaka mingi kabla hajapata pa kukaa, akisikiliza kila kilichopigwa na kila kilichosemwa. Sasa kiti kimemchosha, anataka mwili, na mwili ameshauchagua. Dawa ilikuwa moja. Mtu wa damu ya marehemu aketi kwenye kile kiti, ashike ile fidla, aipige sehemu ile kuanzia noti ya kwanza mpaka ya mwisho bila kusimama. Nafasi ikijazwa na mwenye haki nayo, mgeni hana pa kukaa. Lakini akisimama katikati, hata kwa pumzi moja, mama yule hataamka tena. Na mama mwenyewe lazima awemo chumbani, kwa sababu kinachotoka kitatoka kwake.

"Ataongea," mzee aliongeza. "Hana mikono, ana maneno tu. Atatafuta lile litakalokusimamisha. Una neno unaloliogopa? Nieleze sasa, nikuandae."

Mfamasia alisema hana.

Alikaa na jambo hilo siku sita. Asidhani mtu kwamba zilikuwa siku rahisi. Alikaa kitandani kando ya mkewe, akamfuta uso, na mara tatu alifungua kinywa amwambie mwenyewe, kabla hajaambiwa na kile kitu, na mara tatu mwanamke alifumbua macho akamtabasamia kwa shida, akauliza kama Jumamosi imefika, kwa sababu mtoto anamsubiri. Angesemaje hapo? Angemwambiaje mtu anayekufa kwa mapenzi kwamba anayempenda aliuawa na vidonge viwili vya mfukoni? Alijua kwamba akiipiga ile fidla, mkewe atapona, na akipona atajua. Aliyajua yote mawili vizuri. Jumamosi alimbeba mgongoni, akapanda naye ngazi za duka la magodoro, na alikuwa mwepesi kama mtoto wa shule.

Mama Nusu aliketishwa ukutani, Fundi Piano akasimama mlangoni, Daktari na Bwana Posta wakashika ala zao. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua linaingia dirishani, na huko chini mtu alikuwa anabishana na mwenye duka juu ya godoro. Mfamasia alikaa kwenye kiti cha mwanawe. Kiti kilikuwa cha moto. Aliiweka fidla begani, ndogo mno kwake baada ya miaka ya viola, akapiga noti ya kwanza.

Kurasa mbili za kwanza zilipita bila tukio. Ukurasa wa tatu ile harufu ya nywele zinazoungua ikaja, si ya mbali tena, ikamjaa puani na kooni. Ukurasa wa nne akasikia mtu anaivuta sehemu ile ile kando ya sikio lake, nusu pigo nyuma, akigombania kila noti, na Mama Nusu pale ukutani mikono yake ikaanza kwenda, wa kulia unakwenda na kurudi, wa kushoto unabonyeza koo, unabonyeza kwa nguvu zaidi, mpaka Fundi Piano akapiga magoti akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili na bado ukawa unamshinda. Ukurasa wa sita, katikati, kinywa cha mama yule kikafunguka.

"Baba," kilisema, na ilikuwa sauti ya Nusu, yenye mafua kidogo kama ilivyokuwa siku zote. "Baba, kichwa kinaniuma."

Mfamasia hakusimama. Daktari wa Meno alikosea noti, akajikaza, akaendelea.

"Shingo haipindi, Baba. Tusimame kidogo."

Hapo kila kilichokuwa kimebaki ndani yake kikainuka kutaka kuiweka chini fidla ile na kumkimbilia, kumshika, kumbeba mbio zile ngazi na kumpeleka hospitali mchana ule ule, jua likiwa bado linawaka, kungali mapema, kwa maana tangu mazishi usiku kwa usiku hakuwa ameota kitu kingine isipokuwa kupewa saa ile tena ili afanye jambo moja tu rahisi ambalo baba yeyote mjinga angelifanya, na sasa amepewa, mtoto anamwita kwa sauti yake mwenyewe, na wokovu wa mama yake mtoto ni kwamba yeye asisimame, apige, ageuze ukurasa, amwache aumwe. Akageuza ukurasa.

Kwa muda ikawa kilio tu. Kisha kilio kikakatika, na kutoka kinywa kile kile ikaja sauti ya mwanamume, ya upole, ya mtu mwenye haraka kidogo. Wote chumbani waliitambua. Ilikuwa sauti ya Mfamasia mwenyewe.

"Meza hivi viwili, mwanangu. Itatulia. Wenzetu hawajafika, tumalize kurasa zilizobaki."

Chelo ya Bwana Posta ilinyamaza. Fidla ya kwanza ikanyamaza. Mfamasia alibaki akipiga peke yake, machozi yanaingia mdomoni, ukurasa wa nane, wa tisa, wa kumi, na kile kitu kikayarudia maneno yale, mara kwa sauti yake, mara kwa sauti ya binti, mara kwa zote mbili pamoja, kikiyasema kwa kasi, kwa hasira, kisha kwa unyonge, kisha kwa mbali kama watu wanaoteremka ngazi. Alipofika noti ya mwisho aliishika mpaka upinde ukaisha.

Harufu iliondoka. Huko chini walikuwa wamepatana juu ya godoro.

Fundi Piano aliuachia mkono wa Mama Nusu. Mama yule aliuinua mbele ya macho, akatazama ncha za vidole, na zilikuwa safi, vidole vya mwalimu vilivyozoea chaki. Akavuta pumzi ndefu. Macho yake yalikuwa yake. Alimtazama mumewe aliyekaa kwenye kiti cha mtoto wao na fidla magotini, akamtazama muda mrefu.

"Ilikuwa saa ngapi?" aliuliza.

Mara zote alikuwa amejibu haraka. Safari hii alichelewa.

"Saa tisa na nusu."

"Mchana?"

"Mchana."

Mama Nusu aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anavyowaitikia wanafunzi waliokosa hesabu ambayo ameifundisha mara nyingi.

"Mkazimaliza zile kurasa?"

"Mama Nusu..."

"Nakuuliza. Mlizimaliza?"

"Tulizimaliza," alisema. "Zote."

Daktari wa Meno alisogea ili amshike Mama Nusu mkono, lakini mama yule hakuhitaji. Aliinuka mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akajifunga mtandio, akawaaga Daktari, Bwana Posta na Fundi Piano mmoja mmoja kwa adabu, akamshukuru mzee kwa kazi yake. Kisha akashuka zile ngazi bila kushika ukuta. Mfamasia alimwona dirishani akivuka barabara kwenda upande usio wa nyumbani kwao, mgongo umenyooka, anatembea vizuri kabisa. Mtu yeyote aliyemwona angesema huyu amepona.